Shingo Yangu Imebana

Injinia alilifunga baraza la washonaji la mtandaoni Jumamosi jioni ili alitengeneze, akabandika tangazo kwamba hakuna mtu kuingia hadi Jumanne. Jumanne asubuhi alipowasha kompyuta pale nyuma ya pazia, kabla hajamfungulia mtu yeyote, pembeni mwa ukurasa palikuwa na mstari mmoja: *Waliomo ndani sasa: mgeni 1.*

"Shangazi," aliita, "kuna mtu humu."

"Humu wapi? Nyuma ya pazia uko wewe na uvivu wako," alijibu Mama Pima, sindano tatu zikiwa mdomoni.

Mama Pima ndiye aliyekuwa mwenye karakana. Jina hilo alipewa kwa sababu alikuwa akikutazama mara moja anakutajia kiuno chako bila tepu, na kama umenenepa atakwambia, tena mbele za watu. Karakana yake ilikuwa na vyerehani sita, meza ya kukatia ndefu kama kitanda cha watu wawili, na chumba kidogo cha pasi huko nyuma. Chumba hicho kilikuwa ufalme wa mpiga pasi, mwanamume mkimya waliyemwita Mvuke. Binti wa pekee wa Mama Pima, Kifungo, alikuwa na miaka ishirini na sita na mikono iliyomshinda hata mama yake, ingawa mama asingekiri hilo hata ukimchoma pasi. Aliitwa Kifungo kwa sababu utotoni alimeza kimoja na hakikuonekana tena.

Injinia alikuwa mtoto wa kaka yake Mama Pima. Alikuwa na upara wa mapema na cheti cha miezi tisa.

Baraza lenyewe Kifungo ndiye aliyelianzisha mtandaoni, mahali pa washonaji kuulizana. Walikuwa mamia sasa, wa miji ambayo Mama Pima hakuwahi kuisikia. Mmoja anaandika, "Mikono yangu haikai, nifanyeje?" Mwingine, "Kiuno changu kimepanda." Washonaji ndivyo wanavyosema. Hakuna anayepoteza muda kuandika mkono wa gauni la mteja wangu. Anasema mkono wangu, shingo yangu, mgongo wangu, na fundi mwenzake anaelewa kwamba ni nguo.

Tabu ilikuwa kwenye vivinjari. Kivinjari ni kile kidirisha cha kwenye simu au kompyuta ambacho mtu anachungulia mtandao, na kila kampuni ina chake, na hakuna viwili vinavyoonyesha kitu kwa namna moja. Baraza lilipendeza kwenye simu ya Kifungo. Kwenye simu ya mwingine maandishi yalipandana kama watu wanaogombea mlango. Kwa mwingine kitufe cha kuingilia hakikuonekana kabisa. Malalamiko yalikuwa kila siku.

"Kila kivinjari kikija kinataja jina lake mlangoni," Injinia alikuwa amemweleza shangazi yake Jumamosi ile. "Mimi nina orodha ya majina. Huyu namwekea hivi, yule vile, na baraza linakaa sawa kwa wote."

"Na asiye kwenye orodha?"

"Huyo anabaki nje."

"Anabaki nje!" Mama Pima alitema sindano kiganjani ili aseme vizuri. "Mama yako alikufundisha hivyo? Mtu anapiga hodi kwangu, unamwacha nje kwa sababu hulijui jina lake? Andika huko mwisho: asiyejulikana, karibu ndani."

"Shangazi, si salama."

"Nani mwenye nyumba?"

Akaandika. Mstari mmoja tu, wa mwisho kabisa. *Asiyejulikana: karibu ndani.* Na Jumanne hiyo, alipoangalia yule mgeni alikuwa amekuja na kivinjari gani, penye jina palikuwa patupu. Saa ya kuingia: Jumamosi, sekunde ileile aliyouhifadhi mstari ule.

Alimwondoa. Mgeni 1. Alizima kompyuta, akachomoa waya ukutani, akahesabu hadi mia kama mtu anayecheza kujificha, akawasha. Mgeni 1.

"Mwache akae, anajifunza," alisema Kifungo. "Fungua baraza, kaka. Nina swali langu la gauni la bibi harusi."

Akafungua. Washonaji wakamiminika wakishangilia kwamba sasa wanaona kila kitu. Maswali yakaanza. Na mgeni, ambaye hakuwahi kuandika hata salamu, akaanza kujibu.

Mshonaji mmoja wa mji wa mbali, aliyejiita Mama Lesi, alikuwa ameandika: *Mikono yangu imepitana. Wa kulia ni mrefu. Nifupishe kiasi gani?*

Mgeni akajibu: *Nakuja Jumatano saa saba mchana.*

Watu walicheka sana. "Jamani, fundi wa kufuata wateja majumbani!" aliandika mmoja.

Alhamisi asubuhi dada yake aliandika kwa jina la Mama Lesi. Hakuweka salamu. Alisema dada yake yuko hospitali, amekutwa sebuleni, mkono wa kulia umekatwa chini ya kiwiko. Alisema hapakuwa na damu. Ngozi ilikuwa imekunjwa kwa ndani, nusu inchi, ikapindwa kwa uzi mweupe, pindo zuri lililonyooka, na daktari alimwuliza ni nani aliyeshona, maana yeye hawezi hivyo.

Kifungo aliusoma ujumbe huo kwa sauti karibu na wakati wa chakula cha mchana. Alipofika kwenye uzi aliiweka simu mezani. Mama Pima alisema mji huo una majambazi. Lakini alienda kufunga mlango wa mbele, na mlango huo mchana haukuwahi kufungwa.

"Kuna mwingine aliyejibiwa?" aliuliza.

Injinia alikuwa anatafuta kwenye kompyuta wakati harufu ilipowafikia. Ilikuwa harufu ya shati bichi linalopigwa pasi, ile waliyoizoea, na chini yake, kama mtu aliyejificha chini ya kitanda, kulikuwa na harufu ya nywele zilizoshika moto. Ilikuwa saa saba kamili mchana. Kutoka chumba cha nyuma ilisikika pasi ikipumua, psss, ikanyamaza, psss, ikanyamaza, polepole, bila haraka yoyote.

"Mvuke?" aliita Mama Pima.

Mlango wa chumba cha pasi ulikuwa umefungwa kwa ndani. Injinia aliupiga bega mara tatu, ukaachia bawaba, na wakamwona Mvuke amelala kifudifudi juu ya meza yake ya kupigia pasi, mikono imenyooshwa mbele, mdomo wazi bila sauti, na pasi ikitembea yenyewe mgongoni mwake, kutoka shingoni kwenda kiunoni, ikirudi, ikinyunyiza maji, ikipita tena palepale ilipopita, kwa upole, kama mtu anayeipenda kazi yake, na kila ilipopita ngozi ilibaki laini, imenyooka, inang'aa. Mama Pima aliurukia waya, akauvuta hadi ukakatika, na pasi ikaendelea. Ilipomaliza ikajisimamisha yenyewe kwa kisigino pembeni mwa meza.

Mvuke hakufa. Hadi leo analala kifudifudi, na mgongo wake hauna kunyanzi hata moja.

Walipotoka kumpakia kwenye gari la wagonjwa, Injinia alirudi kwenye kompyuta, akapata swali la Mvuke la Jumanne, aliloandika kwa simu yake, maskini, ili na yeye aonekane yumo: *Mgongo wangu una mikunjo. Nipige pasi vipi?* Chini yake: *Nakuja Alhamisi saa saba mchana.*

Na la tatu. Hakutaka kulisoma, lakini Kifungo alikuwa amesimama nyuma yake, na ndiye aliyeliandika.

*Shingo yangu imebana, haipiti. Nikate wapi?*

*Nakuja Ijumaa saa saba mchana.*

"Ni gauni," Kifungo alinong'ona. "Kaka, ni gauni la bibi harusi. Liko pale limetundikwa. Mwambie ni gauni."

Injinia alilifuta swali. Likapotea kwenye kompyuta, likapotea kwenye simu yake. Dakika moja haikupita, mgeni akaandika: *Nimeliona.*

"Nimefuta hapa," Injinia alisema, jasho likimtiririka toka uparani, "lakini kwake lipo. Ukurasa ukishafunguka, kivinjari kinaweka nakala yake. Na kivinjari chake sikijui, Shangazi. Sijui kinaonyesha nini. Sijui kina upana gani. Hata kilivyo sijui."

"Lifunge baraza lote."

Akalifunga. *Waliomo ndani sasa: mgeni 1.*

Mama Pima alimpigia simu Mkunga. Huyu alikuwa bibi mstaafu wa wodi ya wazazi ambaye sasa, watu walipokwama, aliitwa kutoa vitu vingine vilivyoingia mahali pasipo pake. Mkunga alisikiliza, akauliza mgeni amekaribishwa na nani, kisha akasema ana mgonjwa mwingine mkononi, atafika kesho saa nane.

"Saa nane! Huyo anakuja saa saba!"

"Basi mfiche binti, mwanangu. Na wewe funga mdomo mpaka nifike."

Kufunga mdomo ndicho kitu pekee ambacho Mama Pima hakuwahi kujifunza.

Usiku walikaa wote macho kwa jirani, na hakuna kilichotokea. Asubuhi ya Ijumaa walimpeleka Kifungo stendi, wampandishe basi lolote. Kila basi alilokanyaga lilizimika. La nne dereva alimshusha mwenyewe, akisema dada, sikujui lakini tuachie gari letu. Ikabidi warudi karakana, maana angalau humo Mama Pima alijua kila mkasi ulipo. Alikusanya mikasi yote, akaifungia ndani ya sanduku la chuma, akalikalia.

Saa sita na nusu alichoka kukaa.

"Anasoma, si ndiyo? Basi na asome. Niandikie: *Usithubutu kukata shingo ya binti yangu.*"

"Mkunga alisema tusubiri."

"Mkunga ana binti? Andika! Na uweke kubwa. Kubwa zaidi. Nyekundu. Unaandika kama unaomba ruhusa ya kwenda chooni!"

Injinia aliyakuza maandishi mpaka yakajaza ukurasa. Aliangalia kwenye kompyuta: sawa. Kwenye simu yake: sawa. Kwenye simu ya Kifungo na ya jirani: sawa. Vivinjari vinne, sawa kote.

"Sijui kwake," alisema. "Yakiwa makubwa hivi, dirisha likiwa jembamba..."

"Tuma!"

Akatuma, akalifungua baraza ili lisomeke. Wakakaa. Mama Pima juu ya sanduku, Kifungo chini, mgongo kwenye magoti ya mama yake, Injinia kwenye kompyuta. Ilibaki dakika mbili saa saba ifike, washonaji walipoanza kujibu, na jibu la kwanza lilitoka kwa mwanamke mmoja mwenye simu ya zamani.

*Mama Pima, salama? Kwangu limekatika mwanzoni, naona umeandika: thubutu kukata shingo ya binti yangu. Ni utani gani huu jamani?*

Injinia aliligeukia neno lile jekundu kwenye kioo. Herufi tatu. Dirisha jembamba, maandishi makubwa, mwanzo wa mstari umezama nje ya ukingo, *usi* imemezwa, na iliyobaki ilikuwa amri safi ya mwenye nyumba.

"Shangazi," alisema, "tumemruhusu."

Sanduku la chuma lilipasuka chini ya Mama Pima kama yai, likamrusha hadi kwenye vyerehani, na mikasi yote ikasimama hewani ikifunguka na kufumba, na Kifungo akanyanyuliwa kwa nywele na kitu ambacho hakikuonekana ila kwa jinsi vumbi la chaki lilivyokizunguka, akatupwa chali juu ya meza ya kukatia, kichwa kikining'inia ukingoni, na chaki ya bluu ikaruka toka kwenye kopo lake ikaanza kuchora shingoni mwake, mviringo kamili, ikirudi pale ilipotetemeka na kusahihisha, na Injinia alipojirusha kumfunika binamu yake cherehani kiliinuka kikamtwanga mbavuni mara mbili, akasikia zikivunjika, na Mama Pima alifika mezani kwa magoti, akaukamata ule mkasi mkubwa kwa mikono mitupu katikati ya makali yake, akiung'ang'ania, akilitukana lile lisiloonekana matusi ambayo hata madereva wa malori hawayajui, na mkasi ukafumba taratibu, ukamwachia vidole viwili sakafuni, ukaendelea na kazi, ukifuata chaki, bila kutoka nje ya mstari, mbele, kulia, nyuma, kushoto, hadi ulipokutana na pale ulipoanzia.

Alisikia kitu kizito kikidondoka kwenye kapu la vitambaa.

Mama Pima hakutazama. Alisikia gauni la bibi harusi likichanwa pale lilipotundikwa. Akasikia cherehani, kile cha Kifungo mwenyewe, kikianza kushona, mwendo sawa, mwendo wa fundi asiye na wasiwasi. Kilishona kwa muda wa kumaliza kola moja. Kisha kimya, na mlio mdogo wa uzi unaokatwa.

"Mama," alisema Kifungo, "nina kiu."

Alikuwa ameketi juu ya meza, mzima, macho yake yaleyale. Shingoni, kuzunguka kote, palikuwa na kipande cha satini nyeupe cha nusu inchi, kimeungwa kwa ngozi juu na chini, mshono mdogo uliobanana, usioonyesha uzi. Shingo ilikuwa imebana. Sasa ilikuwa imelegezwa.

Kwenye kompyuta: *Tayari.*

Mkunga alifika saa nane kamili na mfuko wa plastiki. Aliomba maji ya moto, sabuni na kiti chenye mgongo. Aliviangalia vidole sakafuni, akamfunga Mama Pima mkono kwa kipande cha bitana, akamsikiliza Injinia aliyekuwa akieleza huku ameshika mbavu.

"Huyu hana chuki," alisema mwishoni. "Amekaribishwa penye kazi, anafanya kazi. Anafanya anachokisoma. Nyie mkikosea mshono mnafanyaje?"

"Tunafumua," alisema Kifungo. Alipozungumza satini ilipanda na kushuka.

"Basi mwandikieni hilo. *Mgeni, fumuka.* Madogo, bila rangi, bila mbwembwe. Yakae sawa hata kwenye tundu la sindano."

Injinia alikaa. Aliondoa kila pambo kwenye ukurasa, akabakiza maandishi matupu, yale ambayo hakuna kivinjari duniani kinachoweza kuyapotosha. Akaandika *Mgeni* moja kwa moja kwenye ukurasa ulio wazi, kila herufi ikionekana papo hapo. Akaweka mkato. Akaandika *f*.

Tik.

Ni Mama Pima aliyesikia. Miaka thelathini na tano alikuwa ameisikia sauti hiyo, uzi mmoja ukiachia.

*u.* Tik. Kifungo aligusa kisogo chake, akavitazama vidole vyake vyenye damu.

*m.* Tik, tik. Kichwa chake kikainama kidogo upande wa kushoto, zaidi ya kichwa kinavyoinama.

Mama Pima alinyakua rula ya mbao ya yadi moja kwa mkono uliobaki na vidole, akampiga Injinia kwenye kidole kilichokuwa kinashuka juu ya kibodi. Kidole kilivunjika. Injinia alipiga yowe. Akampiga tena, kwa kuhakikisha.

"Futa! Futa kwa pua kama huna kidole!"

Alifuta. Mmoja mmoja, uzi ulijirudisha wenyewe ndani ya ngozi, na kichwa kikanyooka.

Mkunga alikuwa amesimama, mfuko wake tayari mkononi. "Akifumuka yeye, kila uzi alioutia unamfuata," alisema taratibu. "Huyu mimi simtoi."

"Na akiondoka mwenyewe? Akichoka, akijifungia kidirisha chake aende zake?" aliuliza Mama Pima.

Mkunga aliitazama satini ya Kifungo. "Ataondoka na nyuzi zake. Mkalishe mgeni," alisema.

Basi akakalishwa. Injinia hana kazi nyingine sasa. Kila kampuni inapotoa kivinjari kipya, au kukibadilisha cha zamani, yeye ndiye wa kwanza kukijaribu, na halali hadi baraza likae sawa ndani yake, maana hajui hadi leo mgeni anatumia kipi, wala atahamia kipi. Mama Pima anasoma kila swali kabla halijapita, kwa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine. Ukiandika mkono wangu anakutukana na kukurudishia uandike mkono wa blauzi. Washonaji wanasema ana kiburi cha uzee. Hawajui lolote. Dada yake Mama Lesi aliwahi kuomba mgeni afukuzwe, akaandika kwa machozi, na Mama Pima alimfungia asiingie tena, wala hakumweleza sababu.

Kifungo anashona kama zamani. Anavaa kola ndefu, na wateja wameiga, wakidhani ni mtindo.

Wiki iliyopita, saa tano asubuhi, mteja akiwa amesimama mbele ya Kifungo mikono juu ili apimwe, simu ya Mama Pima ililia. Mshonaji mmoja alikuwa ameandika: *Jamani, baraza limegoma kufunguka kwangu tangu asubuhi. Na kwenu?*

Nyuma ya pazia kiti cha Injinia kilianguka, kibodi ikaanza kupigwa mbiombio. Mama Pima alisimama. Kifungo aliiweka tepu chini, akamwomba mteja samahani, akajishika shingo kwa mikono miwili, akasubiri.